Bofya, Usiandike

Mama mmoja mwenye miwani, ndani ya ofisi yenye zulia la rangi za timu, aliniuliza swali ambalo nyumbani sijawahi kuulizwa na mtu: wewe na huyu kijana mnahusiana vipi?

Nikamwambia ni ndugu yangu mdogo. Akaandika. Kisha akauliza: mama mmoja? Hapana. Baba mmoja? Hapana. Binamu? Nikanyamaza.

Kwetu Langas, Eldoret, nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ukuta wa mabati. Mamake aliuza sukuma wiki na maziwa mala karibu na steji, na jioni akichelewa, mtoto wake alikula kwetu. Tulimwita Kababa tangu akiwa wa miaka miwili, na jina likamganda hata aliponipita kwa urefu. Nimembeba mgongoni kumvusha matope ya Aprili ili sare yake isichafuke. Kama huyo si ndugu, basi sijui ndugu ni nani. Lakini fomu ya yule mama haikuwa na mahali pa kuandika ukuta wa mabati.

"Huu uhusiano ulianza lini?" akauliza. "Kabla ya chuo chetu kuanza kumtafuta, au baada?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba niko matatani, na kwamba nimemwingiza mtu mwingine humo pamoja nami.

*

Nilifika Marekani Agosti 2021 kusomea uzamili wa takwimu, katika chuo kikuu kimoja cha serikali kule kusini. Jina la chuo naliacha. Waliowahi kuishi huko wanaujua upweke wa muhula wa kwanza: unaweza kumaliza siku nzima bila mtu kulitaja jina lako, na akilitaja analikosea.

Dawa niliyoipata ilikuwa michezo. Jumamosi ya futiboli ya Kimarekani, mji mzima ulivaa rangi moja. Watu wasionijua kabisa waliniita kwenye maegesho ya magari, wakanipa sahani ya nyama ya kuchoma, wakanifundisha lini pa kupiga kelele na lini pa kunyamaza. Sheria za mchezo sikuzielewa hadi Novemba, lakini fulana niliielewa mara moja. Ukiivaa, una watu.

Nikaingia kwenye kikundi cha mashabiki cha Facebook, halafu kingine cha watu wanaofuatilia riadha na mbio za nyika. Hapo nilijiona nimefika nyumbani. Mkenya katika kikundi cha mbio ni kama Mbrazili katika kikundi cha soka: wanadhani unajua kitu. Niliwapigia stori za Henry Rono, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Niliwaambia kuhusu Robert Ouko na Julius Sang, waliosoma chuo kimoja huko North Carolina na kushinda dhahabu ya mita 400 kwa wanne kule Munich 1972. Walipenda sana. Msimu wa vuli wa 2022 nilichangia dola 25 kwa mfuko wa riadha wa chuo, nikatumiwa kofia. Kumbuka hizo dola 25.

Wakati huo Kababa alikuwa Form Four. Alikuwa amekimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde chache, kwenye uwanja wa udongo, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, akiwa amevaa viatu vya kuazima. Desemba, rafiki yangu aliposafiri kwenda nyumbani, nilimpa jozi ya viatu ampelekee. Kumbuka na hivyo viatu.

Matokeo ya KCSE yalipotoka Januari 2023, alikuwa na gredi za kutosha. Makocha wawili walikuwa wanamwandikia. Mmoja alikuwa wa chuo kidogo cha katikati ya Marekani ambacho sikuwahi kukisikia. Wa pili alikuwa wa chuo changu.

Sikulala usiku huo. Asubuhi nilichukua video yake, ile ambayo mwalimu wake alipiga kwa simu pale kona ya mwisho, nikaiweka kwenye kikundi pamoja na jina lake la Instagram. Nikaandika kwamba huyu ni ndugu yangu, anatufikiria, mwonyesheni upendo.

Kusema ukweli, na ndiyo sababu naandika haya, sikuposti kwa ajili ya Kababa. Niliposti kwa sababu kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa mgeni kwa hao watu, na asubuhi ile watu 200 walijua jina langu.

*

Upendo ulifika. Siku mbili za kwanza alipata jumbe 63. Najua hesabu kwa sababu alinitumia picha ya skrini: "Bro, hawa wasee ni wa shule ama?" Wengine walimtumia video za uwanja ukiwa umejaa, na bando lake la shilingi 50 likaisha kabla ya saa sita mchana. Tulicheka sana kuhusu hilo.

Nilimjibu kwamba ni mashabiki tu, ni watu wazuri. Sikumwambia jambo ambalo ilibidi nimwambie: kwamba hakuna hata mmoja kati yao mwenye uwezo wa kumpa chochote.

Ukiwa Langas, mzungu mwenye picha ya nembo ya chuo kwenye wasifu wake ni chuo. Hutofautishi kati ya kocha msaidizi na fundi wa mabomba anayependa timu. Mmoja alimwandikia kwamba kocha anamsema yeye tu. Mwingine akamwambia, "Tutakutunza, wewe na familia yako." Wa tatu akamweleza kwamba siku hizi wanamichezo wanalipwa kwa jina na sura zao, kwa hiyo asiwe na wasiwasi wa pesa. Hilo la tatu lilikuwa kweli nusu. Tangu Julai 1, 2021, wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao. Lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa sana kuhusu kazi gani anaweza kufanya, na pesa ambayo Mmarekani anaipokea bila kufikiri inaweza kumfanya Mkenya apoteze viza. Yule shabiki hakujua. Mimi nilijua, na sikusema.

Kocha mwenyewe alikuwa kimya hadharani, na kimya hicho kilikuwa na sababu. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zina sehemu nzima kuhusu kusaka wanamichezo, Kanuni ya 13, na inapima hadi maneno. Kuna tarehe ambayo kabla yake kocha haruhusiwi kumwandikia mwanafunzi. Mwaka 2007 walipiga marufuku makocha kutuma meseji za simu kabisa, baadaye wakalegeza mchezo mmoja baada ya mwingine. Kuanzia Agosti 1, 2016, kocha aliruhusiwa kupenda chapisho la kijana, au kulisambaza, lakini si kuandika maoni chini yake. Bofya, usiandike. Kocha wa chuo changu alikuwa amebonyeza kidole gumba kwenye video ya Kababa, akaishia hapo.

Sasa mwone kijana wa miaka 18. Mtu mwenye kalamu ya kusaini amempa kidole gumba. Watu wasio na kalamu wamempa mashairi. Atamsikia nani?

*

Yule mama wa ofisi ya kanuni aliniita wiki ya mwisho ya Februari. Hakuwa mkali. Alikuwa na picha za skrini zilizochapishwa, na chapisho langu likiwa juu.

Alinieleza kwamba shabiki wa kawaida hawawezi kumfunga mdomo. Wakimjua, wanamwandikia kumwomba aache. Akanipa mfano wa 2009. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha NC State alifungua ukurasa wa Facebook kumbembeleza John Wall, mcheza vikapu aliyekuwa anagombewa na nchi nzima, aje kwao. Chuo chake mwenyewe kikamwandikia barua ya kumwonya aache. Watu walicheka: mtoto wa miaka kumi na kitu anatishwa kwa sababu ya Facebook. Wall akaenda Kentucky.

"Lakini wewe," akasema, "si shabiki wa kawaida."

Akageuza karatasi nyingine. Dola 25. Kwa lugha ya NCAA, mtu akishachangia idara ya michezo anakuwa mwakilishi wa maslahi ya timu, yule wanayemwita busta. Na ukishakuwa busta, hutoki. Unaweza kuacha kuchanga, unaweza kurudi Eldoret ukafuga kuku, bado ni busta. Busta haruhusiwi kumshawishi kijana anayesakwa, wala kumpa zawadi.

Nilitaka kucheka. Mimi, niliyekuwa nakula noodles siku nne kwa wiki, nimewekwa kundi moja na matajiri wa mafuta wa Texas. Lakini yeye hakucheka, na alikuwa na sababu. Kanuni hizo zilitungwa kwa sababu ya watu waliokuwa wanaipenda timu. Chuo cha Southern Methodist, Dallas, kilifutiwa msimu mzima wa futiboli wa 1987 kwa sababu mabusta walikuwa wanawalipa wachezaji kwa siri. Hawakuwa maadui wa chuo. Walikuwa wapenzi wake nambari moja.

Ndipo akauliza kama nimewahi kumpa Kababa kitu. Nikakumbuka viatu. Ningeweza kudanganya, lakini Mama hakunilea hivyo. Nikasema. Ndipo maswali ya ndugu yakaanza: mama mmoja? baba mmoja? lini? Maana ikiwa uhusiano ulikuwepo kabla ya msako, na nilikuwa na mazoea ya kumsaidia, viatu vinaweza kuwa viatu tu. La sivyo ni rushwa, saizi nane.

Alisema wataandika ripoti ya kosa dogo, na kwamba makosa kama hayo huripotiwa kila siku na vyuo vingi. Ila hadi mambo yaeleweke, kocha hatamwandikia kijana. Na mimi nisizungumze naye chochote kuhusu chuo. Nimsalimie, nimuulize habari za mamake, lakini chuo, hapana.

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili hivi."

*

Chuo kile kidogo kilikuwa kimempa Kababa ufadhili kamili: karo, chumba, chakula. Walitaka jibu kufikia Machi 15.

Hizo wiki mbili ndizo ninazozihesabu hadi leo. Kocha wa chuo changu alinyamaza ghafla. Mimi nilinyamaza. Waliobaki wakiongea ni wale 63, ambao sasa walikuwa wengi zaidi, na walikuwa wanamwambia kila siku: usisaini kokote, nafasi yako iko hapa. Kababa aliniandikia: "Bro kocha amenyamaza. Ni sawa?" Nikamjibu, "Usijali. Mum ako aje?" Akaniandikia tena: "Wale wengine wanataka jibu. Niwaambie nini?" Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa nimeambiwa nikivunja agizo hilo ninaweza kumharibia kabisa. Nikaandika: "Omba ushauri kwa mwalimu wako."

Mwalimu wake alimwambia asubiri chuo kikubwa. Kwa nini asimwambie hivyo? Yeye pia alikuwa ameonyeshwa zile jumbe. Mamake alikuwa ameshaanza kuongea na wanachama wenzake wa chama kuhusu nauli.

Machi 15 ikapita. Chuo kidogo kikampa nafasi mtu mwingine.

Ofisi ilimaliza kazi yake, na ikakubali kwamba ukuta wa mabati ni ndugu. Kocha akarudi, mpole, na ofa yake: asilimia 40. Hakuwa amedanganya mtu. Hakuwahi kutaja kiasi. Wakati huo chuo cha daraja la kwanza kilikuwa na skolashipu 12.6 tu kwa wanaume wote wa riadha, kuanzia mbio za nyika hadi kurusha mkuki. Hesabu yenyewe ina sehemu ya mtu. Kocha huigawa kama mama anavyogawa kuku mmoja kwa watoto wanane. Asilimia 40 ilikuwa paja zuri. Lakini sehemu iliyobaki ilikuwa zaidi ya shilingi milioni tatu kwa mwaka, na mamake Kababa anauza sukuma wiki.

Alipokataa, baadhi ya wale mashabiki waligeuka. Si wote. Wengi walisahau tu, na mpaka leo sijui kipi kinauma zaidi. Lakini mmoja alimwandikia kwamba wamechoka na Wakenya wanaochukua nafasi za watoto wa Marekani, arudi kwao. Aliusoma ujumbe huo akiwa kwao, Langas, amekaa kwenye stuli ya mamake kando ya ndoo ya maziwa.

Nilimpigia simu usiku ule. Nikaomba msamaha, nikaeleza kanuni, dola 25, yule mama wa miwani, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira:

"Bro, wewe hukuwahi kuniuliza mimi nataka wapi."

Nilitaka kubisha. Nikapekua jumbe zetu za miezi mitatu. Ilikuwa kweli.

*

Mambo yamebadilika tangu hapo. Februari 2024 jaji wa mahakama ya shirikisho kule Tennessee aliizuia NCAA kutekeleza marufuku yake ya kutumia pesa za jina na sura kuwavuta vijana. Mwaka 2025 vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na zile skolashipu 12.6 zikafutwa, badala yake ukawekwa ukomo wa idadi ya wanariadha. Rafiki zangu wa kule kusini wanasema kanuni zimekufa, kila mtu aseme atakacho.

Sijui. Niliichukia ile ofisi kwa muda mrefu. Niliona ni Wamarekani na baridi yao: watu wa kupima ndugu kwa karatasi. Na kweli waliniziba mdomo siku ambazo kijana alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli. Hilo nitaendelea kuwadai. Lakini nikirudi nyuma hadi ile asubuhi ya kuposti, kanuni yao ilikuwa inajaribu kusema jambo ambalo mama yangu angelisema kwa maneno mengine: mtoto wa watu si bendera. Yeye ndiye angeishi katika chuo hicho miaka minne. Sisi tungeishi humo Jumamosi tu.

Kababa alikaa nyumbani mwaka mmoja, na hilo pia lina bei, kwa sababu baada ya kumaliza sekondari saa ya NCAA huanza kuhesabu. Mwishowe alipata chuo cha miaka miwili huko magharibi. Mamake aliponiuliza kama hicho ni chuo kweli, nilimwambia Sally Kipyego alianzia chuo cha aina hiyo, South Plains, kabla ya kuhamia Texas Tech na kushinda mataji tisa ya NCAA. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyeshaahidiwa mambo mengi na watu wenye simu. "Sawa, kijana yangu," akasema.

Mimi nilirudi, ninafanya kazi Nairobi. Msimu uliopita Kababa alishinda mbio za nyika za kanda yao, akaweka picha Instagram, matope hadi magotini. Chini yake tayari walikuwepo: mioyo, moto, njoo kwetu, tunakungoja. Jina moja nililitambua. Ni yule aliyemwambia arudi kwao.

Nilianza kuandika. Nikafuta. Nikaandika tena. Mwisho nikabonyeza moyo, nikaweka simu chini, kama kocha.

Pasaka nilienda Eldoret. Mamake bado yuko palepale karibu na steji. Alinimiminia kikombe cha mala kabla hata ya salamu kuisha, akaniuliza, "Unaongeanga na ndugu yako?"

"Namwona kwa simu," nikasema.

"Sijauliza kama unamwona."

Akafuta mikono kwa leso, akatoa simu yake, akapiga, akaweka spika, akanikabidhi. Huko kwake kulikuwa asubuhi na mapema.

"Niaje bro," ile sauti ikasema, nzito kuliko nilivyoizoea.

Muda wake wa miaka miwili unaisha mwaka huu. Najua makocha wanamwandikia. Najua hata wa wapi, kwa sababu watu wa kikundi bado wanaongea. Mamake alikuwa ananitazama, kikombe changu mkononi mwake.

Nikamuuliza kama amekula. Akacheka, akaanza kunihesabia.